Panya Anaondoka, Kuvumwani Inabaki

Solange wangu,

Umevuka kwenda Bukavu kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi ninavyomjua, hatakuachia mpaka ule sombe yake ya majani ya muhogo mara mbili. Basi nina muda wa kuwa mwoga peke yangu bila wewe kunitazama. Nimekaa kwenye meza ya sebuleni, upande wako, kwa sababu upande wangu umejaa nguo zako. Mvua inanyesha tangu saa nane na ziwa halionekani.

Sitakuandikia habari za pasipoti wala za sweta. Majirani wote wamekwisha kukushauri, hata wale ambao hawajawahi kufika Kigali, sembuse Jibuti. Nakuandikia kwa sababu Jumapili uliniuliza jambo tukiwa tunamenya ndizi, nami nikakujibu kwamba maji yanachemka.

"Papa, useme tu kweli," uliniambia. "Ukisema nibakie, nitabakia."

Maji hayakuwa yanachemka. Hata makaa yalikuwa hayajashika. Ulilijua hilo, ukaendelea kumenya. Tangu siku hiyo tunapishana humu ndani kama wageni wawili wenye adabu nyingi, nami nimechoka na adabu. Nataka kukujibu kabla basi la kesho halijaondoka. Lakini unanijua, nimefundisha biolojia maisha yangu yote, siwezi kufika kwenye jibu bila kuzunguka.

Ulipotoka asubuhi nilipanda kiti kutafuta mkanda wa kufungia sanduku lako, ule mwekundu, juu ya kabati. Mkanda sikuuona. Niliona boksi la krèche yetu, pango la Noeli la hapa nyumbani, ambalo hatukulifungua tena tangu maman yako atutoke. Ndani kulikuwa na ng'ombe asiye na pembe, wachungaji wawili, yule panya wako wa udongo, na chini yao tabaka la kuvumwani iliyokauka, ya rangi ya tumbaku. Panya nimemweka hapa mbele yangu. Kuvumwani nimeitia kwenye kisahani, nikaidondoshea maji ya mvua kidogo. Iko hapo, tunatazamana.

Unakumbuka neno mousse lilivyotusumbua? Mwaka ule wa kwanza nilipokabidhiwa krèche ya parokia, padri alitangaza baada ya misa kwamba kila familia ya kwaya ilete mousse. Alikuwa na maana ya kuvumwani, majani haya mafupi ya kijani yanayotanda juu ya mawe, ili tupate uwanda wa Bethlehemu. Lakini huku kwetu neno hilo ni povu la bia, ni godoro la sponji, na ni hayo majani pia. Mzee Kalisti, mwimba besi, akashuka kutoka Gikundamvura na kipande cha godoro kwapani. Alikikata kwenye godoro lake mwenyewe, upande wa miguuni. Mkewe hakusema naye mpaka Epifania.

"Padri alisema mousse," alijitetea mbele ya wote. "Hii njo mousse. Tena ni mupya!"

Tulicheka mpaka tukakaa chini. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa kuwa mimi ndiye niliyejua mousse ni nini. Nikawaambia watoto wa kwaya wanifuate, nikawapandisha mpaka kule juu kwa Mzee Kalisti, penye kijito kinachotoka msituni, kwenye lile jiwe kubwa chini ya mti wa umuvumu. Jiwe lilikuwa limefunikwa lote. Niliwaonyesha namna ya kubandua kwa kiganja, taratibu, ili itoke kipande kizima bila kupasuka. Maman yako aliifunga ndani ya kitenge chake, tukateremka tukiimba. Tulifanya hivyo kila Noeli, na kila Noeli watu waliisifu krèche yangu, nami nilipenda kusifiwa.

Wewe ndiye uliyekuwa mkorofi. Ulisimama mbele ya kazi yangu mikono kiunoni, huna hata meno ya mbele.

"Papa, Bethlehemu iko mu deseri. Sasa hii majani yote inatokea wapi?"

Ukaenda ziwani ukachota mchanga kwenye sufuria, ukamwaga nusu ya uwanda wangu, ukaniambia hiyo ndiyo deseri, jangwa lenyewe. Kisha ukafinyanga panya, kwa sababu deseri bila mnyama haina maana, na ngamia alikushinda miguu. Padri alitaka kumwondoa asikae karibu na Mtoto Yesu. Maman yako akamwambia, kwa ile sauti yake ya kubembeleza isiyokubali kukataliwa, "Padri, ile usiku kulikuwa baridi. Hata panya alikuya kuota moto." Panya akabaki. Ukiniuliza safari yako ya kwenda Jibuti ilianza lini, nitakuambia ilianza siku hiyo, kwenye sufuria ya mchanga, nami nilikuwepo na sikuiona.

Kuvumwani iliyo kwenye kisahani imeanza kujikunjua. Ncha zimelegea. Nakuambia tu.

Sehemu inayofuata ya hadithi unaijua, lakini nataka niiandike kwa mkono wangu. Yule mama mtaalamu wa mimea alipopita shuleni kwetu, nilimwonyesha bahasha zangu za mimea kwa majivuno. Juu ya ile ya jiwe la Mzee Kalisti nilikuwa nimeandika jina la kuvumwani ya kawaida, ile inayoota hadi kwenye kuta za vyoo vya shule. Aliiweka chini ya hadubini, akaniita nitazame ukingo wa jani. Ulikuwa na meno. Ile ya vyooni haina meno. Alisema haitambui kwa uhakika, ila anachojua ni kwamba si ile niliyoiandika, na kwamba inafanana na moja ambayo yeye mwenyewe hajaiona ila sehemu chache sana. Akauliza kama ipo nyingi. Nikasema ipo jiwe zima.

Tulipopanda naye, jiwe lilikuwa tupu. Kwenye nyufa tu ndimo ilimobaki, na sehemu moja ya upande wa maji, pana kama kiganja cha mtu mzima. Umuvumu ulikuwa palepale, kivuli palepale, maji yakidondoka vilevile. Sisi ndio tuliokuwa tumeimaliza, na nyimbo zetu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Nimelifikiria sana jambo hilo, Solange, na nimelilinganisha na ule mzozo wa panya wako wa Jibuti, yule unayekwenda kumsoma, ulionieleza mezani ukichora kwa kidole chenye chai. Wako alikuwa kwenye droo za makumbusho chini ya jina moja, yeye na binamu zake wote wa mawe ya jangwani, na kwa kuwa jina lilikuwa moja, walionekana wengi, na hakuna aliyekosa usingizi kwa ajili yao. Sasa walimu wako wanashuku kwamba ni panya wawili tofauti. Siku watakapowatenganisha, yule mmoja ataamka asubuhi akiwa adimu, na hakuna hata mmoja aliyekufa usiku huo. Kuvumwani yangu ilikwenda kinyume. Ilikuwa inakufa kila Noeli, na kwenye bahasha yangu ilibaki imeandikwa ya kawaida. Kwako kuna jina linalochelewa kumfikia mnyama aliye hai. Kwangu jina la makosa lilifutwa, jiwe likiwa limekwisha kubanduliwa.

Halafu panya ana macho. Ukimwonyesha mtu picha yake, anasema maskini, hata kama jana yake alitega mtego jikoni. Ana miguu, akiona hatari anaingia kwenye ufa, kwa hiyo kumlinda ni kulinda nchi nzima anayokimbilia. Kuvumwani haina cha kukutazamia. Haikimbii. Kuilinda ni kulinda jiwe moja, mti mmoja unaolitia kivuli, na Mzee mmoja mwenye mti. Nilikwenda kumwomba Mzee Kalisti asiukate ule umuvumu, wakati alikuwa amekwisha kupatana na wachoma makaa.

"Mwalimu," alisema, "unanikataza kukata muti yangu juu ya ile majani ya Noeli?"

Nikamwambia ndiyo. Akanitazama, akatazama jiwe, akauliza kama ni ile mousse tuliyomcheka nayo. Nikamwambia ndiyo, ni ileile. Akakubali. Sharti lake lilikuwa kwamba Noeli ijayo krèche ya parokia itandikwe godoro, lipakwe rangi ya kijani, na mimi nisimame mbele ya kwaya niseme yeye ndiye aliyepatia. Nilisimama, nikasema. Mpaka leo tunatandika godoro. Na kila mwaka, mapambo yakiisha, anakohoa kidogo halafu anasema, "Si nilibaambia? Tangu siku ya kwanza nilibaambia, hamukunisikia."

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilikuwa mtu mwenye busara. Wapi! Nilizidi. Nilifyeka vichaka kuizunguka ile iliyobaki, eti ipate nafasi, jua likaingia na pembeni ikawa ya manjano. Nilizungushia uzio wa vijiti, mbuzi wakaja kuona kuna nini. Kiangazi kilipofika nilibeba kidumu cha maji ya bomba kutoka hapa Kamembe, kwa moto, yaani pikipiki, kisha kwa miguu, nikaimwagilia. Mzee Kalisti alinikuta huko nikihema.

"Mwalimu, hapa ni Gikundamvura! Jina lenyewe linasema tunapenda mvua. Unatuletea maji ya robine?"

Dawa iliyomo kwenye maji ya bomba iliiunguza. Ule upana wa kiganja ukawa upana wa vidole viwili. Mtu aliyesoma, anayewafundisha wengine, aliona kitu kimebaki kidogo akakiua kwa kukihudumia.

Hiyo ilikuwa ndiyo miaka ileile tuliyobaki wawili, wewe na mimi. Unakumbuka nilivyokuwa nikisimama kwenye lango la shule yenu mvua inanyesha, na wewe umekwisha kuwa msichana mkubwa unaona haya mbele ya wenzako? Nilikukataza ziwa. Nilikukataza safari ya kwaya ya Goma. Nilikuwa nikiamka kusikiliza kama unapumua. Ulivumilia yote bila kunijibu vibaya, na mimi nikaona ukimya wako ni furaha. Siku moja ulinijia, ukaniuliza, "Papa, ile uzio ya kwa Mzee Kalisti, ulishaitoa?" Nikasema bado. Ukasema, "Tuende tuitoe." Tukaenda. Nilikuwa ninang'oa vijiti na machozi yananitoka, nikasingizia jasho.

Niliacha vichaka vikarudi. Niliacha kumwagilia. Ninapanda mara mojamoja, natazama, nashuka. Sasa imetambaa tena, polepole sana, na mwaka jana nilikuta imevuka ufa wa kwanza. Imefanya hivyo peke yake. Nilifurahi na nikaumia palepale, kwa sababu ilionekana haikuwa na haja nami.

Kuna jambo jingine linalonihangaisha, la hayo majina. Mimi nilizaliwa ng'ambo, Bukavu, na kule tuliitwa Banyarwanda. Tulipovuka kurudi huku, Kinyarwanda chetu kikichechemea, tukaitwa Bakongomani. Mto ni ule unaoujua, mtu anauvuka mdomoni bado ana ladha ya chai ya upande wa pili. Nilikuwa mtu yuleyule, na viatu vilevile. Kwa miaka mingi nilihangaika kuwathibitishia watu ni droo ipi niwekwe, na nilipoteza nguvu nyingi na marafiki wazuri. Huko unakokwenda watakuuliza wewe ni wa wapi, na kabla hujamaliza kujibu watakuwa wamekwisha kukuandikia bahasha. Waache waandike. Mimi niliandika jina lisilo sahihi kwa mkono wangu mwenyewe, kwa wino mzuri, na nilikuwa na nia njema. Ila usianze kuishi kufuata kilichoandikwa. Nakuomba pia umtazame panya wako kabla ya kusoma kibandiko chake, maana mimi nilisoma kwanza.

Mvua imepungua. Kuvumwani imefunguka yote sasa, nikuambie ukweli imependeza. Imekuwa kijani, na majani yamesimama kama siku ile tuliyoitoa kwenye kitenge cha maman yako. Nilipoinama niliisikia hata harufu ya kijito. Nimeikumbuka sauti ya maman yako akiimba tukiteremka, na nimelia kidogo, sitakuficha. Kisha nimecheka, kwa kuwa mwanafunzi wangu yeyote wa mwaka wa kwanza angepiga makofi na kusema imefufuka.

Sisi wawili hatudanganyiki. Tunajua kwamba kuvumwani, hata ikiwa imekufa siku nyingi, ukiitia maji inajikunjua na kurudisha rangi. Ni maji tu yamejaa majanini. Kama iko hai hujui leo. Inabidi uingoje wiki nyingi, uone kama itatoa chipukizi jipya.

Sasa swali lako. Nilisingizia maji Jumapili kwa sababu jibu lililonijia kwanza mdomoni lilikuwa "bakia". Lilikuja mbio, lilikuwa na sababu zake zote tayari: kwamba shule yetu inatafuta mwalimu, kwamba jiwe linahitaji mtu mwenye magoti mazima, kwamba jioni nyumba hii ni ndefu mno kwa mtu mmoja. Sababu zote ni za kweli. Naogopa, Solange. Naogopa kupika na kukuta nimepikia wawili. Naogopa Noeli. Lakini nimezitazama zile sababu vizuri nikaona ni vijiti vya uzio na kidumu cha maji ya bomba, na ninajua vinafanya nini.

Nenda, mwanangu. Sisemi uende kwa sababu sitaumia. Nasema uende, na nitaumia, na wewe huna kazi ya kunitibu. Nenda ukamtazame yule panya asiyekunywa maji, anayeishi kwa kile kilichomo kwenye majani anayotafuna. Ukijua kama ni mmoja au ni wawili, niandikie, hata kama hakuna mwingine anayejali. Mimi nitakuwa hapa upande wa mvua, kwenye jiwe langu.

Panya wa udongo nimemtia ndani ya soksi ya kijivu, kwenye mfuko wa pembeni wa sanduku. Mkia umekatika kidogo, usinilaumu, alikuwa chini ya ng'ombe. Kuvumwani inabaki na mimi, kwenye kisahani, dirishani.

Kesho kule kwenye ajansi ya mabasi Kamembe utaniona nimechangamka. Nitavaa lile shati la kijani unalolipenda. Nitamtania dereva, nitagombana na mbeba mizigo juu ya sanduku lako, nitakupungia mkono mpaka basi liingie kona ya kupandia msitu wa Nyungwe, na utasema moyoni, Papa yuko vizuri. Usiamini rangi. Ngoja wiki zipite, kisha unipigie, uniulize kama nimechipua. Nitakuambia kweli.

Papa yako